Bibi Alisikia "Kure"

Jumamosi, Kasulu. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Desemba isiyo na haraka na mtu, nami nimelala hadi saa mbili asubuhi bila aibu yoyote. Nina furaha na nina hofu. Nimejaribu kuzitenganisha nimeshindwa, basi nimeamka nazo zote mbili nikachemsha chai.

Gloria amepata nafasi!

Gloria ni binti yangu wa mwisho. Ana miaka kumi na minne na miguu mirefu ambayo yeye mwenyewe bado hajaizoea, kila siku anagonga meza. Alifanya usaili wa shule moja ya bweni ya kanisa huko Njombe, na juzi barua imefika: amefaulu, aripoti Januari. Ndani ya bahasha kuna fomu ya kukubali nafasi. Mzazi aweke saini, fomu irudishwe parokiani kufikia Jumatatu. Fomu hiyo iko hapa mezani, chini ya kikombe changu cha chai.

Sijaisaini.

Serikali nayo imempangia sekondari ya kutwa iliyo dakika ishirini kwa miguu kutoka getini kwetu. Shule nzuri tu, sina la kuisema. Kengele yake naisikia nikiwa jikoni.

Tangu juzi kazi yangu ni kutafuta sababu. Njombe kuna baridi. Gloria ana kifua. Safari ni ndefu, mabasi yanaharibika porini. Mume wangu anafanya kazi Kibondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, na nyumbani huja kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo jana mchana nilimpigia simu nikamsomea sababu zangu moja moja, zilikuwa kumi. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu yule, halafu akauliza, "Hivi Mama Gloria, wewe sekondari ulisoma wapi vile?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Na kuna sababu ya kumi na moja ambayo sikumsomea. Hata hapa naona haya kuiandika, acha kwanza ikae.

Mimi nilisoma Dodoma. Mtoto wa Makere, ambaye mpaka anamaliza darasa la saba alikuwa hajalala hata usiku mmoja nje ya Makere, nilipandishwa treni nikapelekwa Dodoma. Wanangu hadithi hiyo wameisikia nusu nusu. Leo mvua imenifungia ndani, niiandike yote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa mkulima wa maharage na kahawa, mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Mama ni Muha wa hapo hapo Makere. Nyumbani tulisema Kiha na Kirundi, lugha mbili zinazofanana mpaka sisi watoto hatukujua neno lipi ni la upande gani. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha soko na cha redio. Baba alikiheshimu sana Kiswahili, na waliokisema vizuri aliwaheshimu zaidi. Neno la mwalimu kwake lilikuwa neno la mimbarini.

Na alikuwepo Nyokuru. Ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Baba. Mfupi, kitambaa cha kijani kichwani siku zote, na herufi L hakuwa nayo. Kirundi kinapenda R, naye alivuka mpaka na R yake akaishi nayo kwa amani. Kulala kwake kulikuwa kurara. Akikuuliza karamu iko wapi usianze kunusa pilau, alikuwa anatafuta kalamu. Na mimi Leonia, kwake nilikuwa Reoniya tangu siku ya ubatizo.

Nililala chumba kimoja na Nyokuru. Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, niliyemchotea maji, niliyemwandikia barua kwa ndugu zake. Jioni alipolalamika mgongo nilimchua kwa mawese ya moto. Watu walisema nikiolewa itabidi bwana harusi atuchukue sote wawili.

Nilipokaribia kumaliza darasa la saba palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni sekondari mpya ya kutwa iliyojengwa ng'ambo ya bonde. Madarasa yalikuwa mawili, lakini mabati yake yaliwaka juani ukayaona ukiwa uani kwetu. Ya pili ni shule ya wasichana ya kanisa, huko Dodoma, ambayo katekista wetu alikuwa ameleta fomu zake. Mimi nilishachagua ng'ambo ya bonde. Rafiki yangu Devota alikuwa anakwenda huko, na tulikuwa tumeshapatana kukaa dawati moja, mimi upande wa dirisha.

Baba hakujua ashike lipi. Alianza kuuliza watu, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu Makere ana sababu yake ya kupeleka mtoto mbali. Mmoja alimpeleka kijana wake Tabora kwa sababu hapa kila ng'ombe akipotea alikuwa anatolewa darasani kwenda kumtafuta. Mwingine alimpeleka binti yake Musoma, kwa shangazi, kwa sababu vijana wenye baiskeli walikuwa wameanza kumwamkia yeye baba kwa adabu nyingi mno. Mwingine alisema Kiswahili cha mbali kimenyooka, mtoto akirudi anaongea kama taarifa ya habari.

Ilikuwepo pia sababu ambayo hakuna aliyeisema kwa sauti kwetu. Makere, ukikosana na mtu kidogo tu, anakukumbusha babu yako alitoka wapi. Mbali huko, wewe ni mtu wa Kigoma, basi. Baba hakuitaja hata siku moja, ila nilimwona akiitafuna.

Alizunguka na maswali hayo wiki nzima. Mwisho akasema, "Nitamsikiriza mwarimu mkuu. Atakachosema, ndicho." Baba naye L ilimshinda alipochoka.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Shirima, mtu wa Kilimanjaro. Aliongea haraka, na vitu alivionyesha kwa kidevu, kidole aliona ni uvivu. Alasiri moja alipita nyumbani na baiskeli yake. Baba alikuwa amepeleka maharage Kasulu, Mama yuko shamba, mimi niko kisimani. Alimkuta Nyokuru peke yake uani, ungo mapajani, anachagua mbegu za maharage.

Wakasalimiana. Salamu ya kwetu unainama kidogo ukipiga makofi polepole, na unaulizana hali ya mtu, ya nyumba, ya watoto, ya shamba. Mwalimu Shirima makofi alikuwa amejifunza, ila siku zote alimaliza yeye kwanza. Kisha akaacha ujumbe. Alichosema tulikuja kukijua baadaye, na kilikuwa hiki: "Mwambie baba yake, huyu mtoto asome kule kule." Kidevu kikaelekea ng'ambo ya bonde, kwenye mabati. Akapanda baiskeli akaenda. Wiki ile ile akasafiri kwenda kozi Mwanza, akakaa huko miezi mingi.

Baba aliporudi, Nyokuru akamfikishia neno kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu amepita. Mwalimu amesema Reoniya akasome kure, kure chane.

Kwa asiyekuwa wa kwetu: kure ni mbali. Kure chane ni mbali sana.

Baba akasimama pale pale na kofia yake mkononi. "Arisema kure?"

"Mara mbiri," akasema Nyokuru, macho kwenye mbegu zake.

"Mara mbiri!" Baba akaniangalia kama vile amegundua nina cheo ambacho alikuwa hajaambiwa.

Mambo yakaisha hapo. Mama alinuna, mimi nililia, Devota alilia kunisaidia. Fomu ikajazwa, usaili nikafanya parokiani Kasulu nikiwa na matumaini makubwa ya kufeli, nikafaulu. Kisha ikaja orodha ya vitu vya kwenda navyo: sanduku la bati, ndoo, fagio, shuka mbili, na jembe moja lenye mpini. Baba aliisoma ile orodha mara tatu. "Tunamwepusha mtoto na jembe," akasema, "na wao wanamwita aje nalo!" Nyumba nzima ikacheka, mpaka Mama aliyekuwa amenuna. Mimi nilikataa kucheka, nikaenda kucheka nyuma ya jiko.

Asubuhi ya kuondoka lori la Kasulu lilinichukua barabarani. Mama alinipa dumu la mawese na karanga za kukaanga. Nyokuru hakulia. Alinisogelea, akainama, akanipigia makofi ya salamu, yale ya mtu mdogo kwa mkubwa, taratibu mpaka mwisho. Bibi kumwinamia mjukuu! Niliona aibu mbele za watu, nikapanda lori haraka.

Treni kutoka Kigoma nitaisimulia siku nyingine, niseme tu kwamba nililia mpaka Uvinza na kuanzia hapo nikala karanga.

Dodoma ilinipokea na vumbi. Sikuwahi kujua nchi inaweza kuwa ya rangi moja kiasi kile. Maji yalikuwa ya foleni, mboga ilikuwa mlenda, na siku ya kwanza mlenda ulinishinda kuupeleka mdomoni, ukawa unarudi sahanini wenyewe. Wasichana waliponiuliza kwetu ni wapi nikasema Kigoma. Wakanipa jina palepale: Mwisho wa Reli. Basi. Hakuna aliyetaka kujua zaidi, babu wala mpaka. Nilikuwa Mwisho wa Reli mwaka mzima, na niseme ukweli, nililipenda jina hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa salamu. Asubuhi matroni alipita bwenini kukagua, mimi nikainama nikampigia makofi. Bweni zima likaanguka kicheko. Wengine walidhani nampongeza kwa kuamka. Matroni, mama mmoja mnene mwenye uso mkali, alisimama akaniambia niendelee, anataka kusikia inaishaje. Nikampigia mpaka mwisho nikamuuliza na shamba. Akanijibu kwamba shamba halijambo. Mpaka mwezi unaisha, wasichana wa bweni letu wote walikuwa wanamwamkia matroni kwa makofi, wakijua kwamba aliyepigiwa makofi vizuri hakagui chini ya vitanda.

Halafu ikaja ile siku ya maabara. Mwalimu wa baiolojia alichukua tone moja la maji ya lambo, akaliweka chini ya hadubini, tukapanga mstari. Zamu yangu ilipofika nikafunga jicho moja. Mle ndani palikuwa na vidudu vinakimbia, vinagongana, vina shughuli zao, na kimoja kilikuwa kinazunguka pale pale tu. Nilisahau foleni. Walinivuta sketi, sikutoka. Nilikuwa nafikiria kisima chetu, na kwamba miaka yote ile nilikuwa nachota maji bila kujua nachota na nani.

Usiku huo barua kwa Devota ilikuwa kurasa nne, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kulia.

Mwezi wa sita nikarudi likizo nimekuwa mtu mwingine, nasema "jamani" kila baada ya sentensi. Siku ya tatu nyumbani, Baba akatoka sokoni amevimba uso. Alikutana na Mwalimu Shirima, karudi kutoka kozi. Mwalimu akamuuliza vipi Leonia, anaendeleaje pale sekondari yetu? Baba kwa fahari akasema yuko Dodoma kama ulivyoagiza. Mwalimu akasema mimi? Mimi nilisema asome kule kule! Na kidevu kikaenda ng'ambo ya bonde.

"Kumbe nimemsafirisha mtoto kwa kosa la masikio," Baba akasema, akakaa chini.

Mwalimu alikuwa mwema. Alisema nafasi ipo, niletwe hata Jumatatu, ataongea na mwenzake. Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Akaanza kusema kitanda changu kiko vile vile, Devota yupo, bibi yako anahitaji mtu. Kila alichosema kilikuwa kweli, na moyo wangu ulikuwa unashuka kama ndoo kisimani. Neno la mwalimu ndilo lililonipeleka, na sasa neno lile lile lilikuwa linanirudisha. Miezi sita nyuma ningeruka juu. Sasa niliwaza hadubini, niliwaza bweni, nikaona vyote vinafungwa Jumatatu.

Nyokuru akaitwa atoe ushahidi. Akaja na ungo wake.

"Mama, mwarimu arisema kule au kure?"

Nyokuru akaweka kiganja sikioni kama mtu aliye mbali sana na sisi. "Mimi ni mzee. Nirisikia kure. Nyinyi wenye masikio mazuri, mrikuwa wapi siku hiyo?"

Tulikuwa Kasulu, shamba na kisimani.

Baba akafikiri, halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akanigeukia. "Reonia, wewe unatakaje?"

Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikasema, "Nataka kurudi."

Mama akapiga vigelegele. Ndiyo, alisikia kurudi nyumbani! Akasimama kabisa, anakwenda kumwambia mama yake Devota. Ikabidi nimshike kanga. "Mama, kurudi shuleni. Dodoma. Nataka kurudi Dodoma."

Mama akakaa tena, taratibu, vigelegele vyote vimemwishia mdomoni. Nilimwonea huruma na bado sikurudisha neno langu. Baba akamtazama, akanitazama, akavaa kofia. "Basi akasome kure," akasema. "Mwarimu nitamweleza mimi." Nyokuru alikuwa anapepeta, na makapi yalikuwa yanaruka kuliko kawaida.

Nilisoma Dodoma miaka minne. Ya mwisho ilikuwa tisini na tisa, nikarudi Desemba nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Makere ilikuwa imebadilika. Sokoni palikuwa na akina mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya jirani, wanauza sabuni na vitenge, wanakuita "ma chérie", yaani mpenzi wangu, kabla hujafungua pochi. Nyokuru alikuwa amekuwa mfupi zaidi. Nikamkuta pale pale uani, ungo mapajani. Nikakaa naye tukachagua mbegu, nzima huku, mbovu huku, kama vile sikuwahi kuondoka.

Ghafla akasema, bila kuinua macho, "Reoniya. Siku ire mwarimu arisema kule."

Nikaachia maharage.

Alisema kule. Kwa L. Ilikuwa L safi, iliyonyooka, ambayo ungeipeleka redioni ikasoma taarifa ya habari.

"Nyokuru! Kumbe L unaiweza?"

"Miaka ishirini na saba niko kwenye soko ra Makere," akasema. "Utauza maharage miaka yote hiyo bira kujua mtu anasema nini? Kuisikia naisikia. Kuisema inanichosha tu."

Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akasubiri nimalize, kisha akasema lile ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Ungesoma ng'ambo ya bonde, ningekuita. Mgongo ukiuma, ningekuita. Maji yakiisha, ningekuita. Nikikukumbuka tu, ningesema mgongo unauma. Wewe ungekuja, nakujua. Nami ningekuita tena, najijua. Nikajiogopa, Reoniya. Nikakupereka mahari sauti yangu haifiki."

Siku chache baadaye Mama aliniambia yaliyobaki. Nilipokuwa kidato cha pili, msimu wa kupanda, Nyokuru alilala kitandani wiki tatu kwa ule mgongo, hawezi hata kugeuka. Mama alitaka kuniandikia. Nyokuru alikataza. Alimwambia katekista, aliyekuwa akimwandikia barua siku hizo, kwamba aandike hali ni nzuri na mbuzi amezaa. Barua hiyo ninayo. Mbuzi mwenyewe hakuwepo.

Simsemi Devota vibaya, asije akaisoma hii akanipigia simu. Yeye alisoma kule kule, akavuka bonde kila asubuhi miaka minne, akafaulu kunizidi hesabu, na leo ni mwalimu. Amefundisha watoto wengi kuliko watu ambao mimi nimewapima malaria. Nafanya kazi maabara hapa Kasulu, kwa asiyenijua. Jicho moja nimelifunga miaka ishirini sasa. Mbali hakumfanyi mtu kuwa na akili. Devota alikuwa na bibi yake, mimi nilikuwa na wangu, na wangu alijua udhaifu wake ulipo.

Nyokuru amepumzika zamani, Mungu amlaze pema. Mpaka mwisho nilikuwa Reoniya. Ile L aliitumia mara moja tu.

Sasa sababu ya kumi na moja. Kwa kuwa nimefika hapa, siwezi tena kujificha.

Kazi ya kuinamia hadubini imenipa mgongo mbaya. Jioni Gloria huja na chupa ya dawa ya kuchua, ananiambia, "Mama, geuka." Ana mikono mizuri. Ananichua huku ananisimulia ya shuleni, nani kagombana na nani, na hiyo ndiyo saa yangu bora kuliko zote. Jana jioni, barua ya Njombe ikiwa mezani, nilimwambia mgongo unauma sana. Akaacha alichokuwa anafanya, akaja mbio, akagonga meza njiani kama kawaida yake.

Haukuwa unauma.

Nilimwita tu.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nikakaa kuitazama muda mrefu. Baridi ya Njombe, kifua cha Gloria, mabasi porini, vyote vimesimama nyuma ya huo mgongo.

Mvua imekatika. Nimeondoa kikombe juu ya fomu, kimeacha duara la chai pembeni, watanisamehe. Nimesaini. Nimesaini kwa haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, halafu nikamwita Gloria nikampa aisome. Amepiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Amenikumbatia, amerukaruka, amegonga meza. Kisha akatulia, akanitazama na yale macho ambayo sijui kayatoa wapi, kama si kwa bibi yake mkuu, akauliza, "Sasa Mama, mgongo wako?"

Nikamwambia umepona.

Nimempigia Baba Gloria. Leo nimeongea mwenyewe dakika kumi, mtandao safi. Amecheka, akasema alijua. Jumatatu tunapeleka fomu parokiani, na tukitoka hapo tunapita sokoni kutafuta sanduku na ndoo. Nimekagua orodha ya shule. Jembe lipo!

Siku ya kuondoka, pale stendi, nitainama nimpigie makofi taratibu mpaka mwisho. Ataona aibu mbele za watu. Na aone.

Nina swali moja tu limebaki, na si la Gloria. Wewe mgongo wangu, ni miaka minne tu: utaweza kunyamaza?